Munyi wa Mwaniki na Shamba la Mawe

Mheshimiwa chifu, mchungaji, wazee wa kamati ya mashamba, majirani, na nyinyi wenzake wa kazi mliotoka Meru tangu alfajiri, mimi ni Ndambiri, ndugu mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitasoma kwa Kiswahili ili kikosi chake chote kisikie.

Simeon Munyi alizaliwa mwaka wa 1921 hapa Runyenjes, mtoto wa kwanza wa mzee Mwaniki na mama Rwamba, ambao wote wametutangulia, akabatizwa mwaka wa 1933, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la sita, akaiacha mwaka wa 1937 baba alipougua, ili mimi niendelee kusoma, na mimi nikaendelea.

Mwezi wa Machi 1946 aliandikwa kazi ya kushika mnyororo wa kupimia mashamba, na mwaka wa 1951 akafanywa kiongozi wa kikosi, akapelekwa Meru, ambako alipima Kinoru, Nchiru na kwingineko mpaka alipougua. Kithinji, aliyeshika mnyororo naye miaka hiyo yote, ameniomba niseme kwamba Munyi hakukubali mnyororo uvutwe kabla mwenye shamba hajasimama kwenye kigingi kwa miguu yake mwenyewe, na kama mwenyewe yuko kizuizini, kikosi kilikaa juani kumngoja mke wake au mama yake aje asimame, na wanaume walinung'unika sana, Kithinji akiwa wa kwanza.

Alimwoa Wambeti tarehe 20 Desemba 1947, wakajaliwa watoto watatu, Mwaniki, Rwamba na Kathuri. Hali ya Hatari ilipokuja nilichukuliwa mimi kizuizini, Juni 1954, na mwaka uliofuata Wambeti na watoto wakahamishiwa kwenye kijiji cha serikali pamoja na watu wote, na Munyi akawa anakuja kila mwisho wa mwezi, pasi ya kusafiria mkononi, akilisha nyumba mbili, yake na ya mama yetu, ambaye alimzika peke yake mwaka wa 1957.

Oktoba mwaka jana mashamba ya ukoo wetu yalikusanywa na kugawanywa upya, na kwa kuwa kiongozi wa kikosi haruhusiwi kupima ardhi ya watu wake, yalipimwa na kikosi kingine. Munyi alipewa udongo mwekundu kule juu karibu na mto, na mimi, ambaye sikuwepo kusema neno, nikapewa hapa tuliposimama, penye mawe. Munyi akaomba ruhusa kazini, akaja mbele ya kamati, akaomba majina yabadilishwe, yake yaje huku chini na yangu yaende juu, wazee wakakubali, akarudi Meru bila kuniandikia chochote.

Mwezi uliopita alikuja likizo kung'oa mawe haya ili Wambeti apate pa kupanda maharagwe, akanyeshewa kutwa nzima, akashikwa na kichomi, akalazwa hospitalini Embu tarehe 28 Machi. Mimi nilifunguliwa tarehe 2 Aprili, nikaonyeshwa shamba langu, nikafurahi mno, nikaenda kumwona, naye akaniuliza tu kama nimeona vigingi vyangu, nikamjibu nimeviona, na udongo ni mzuri. Sikumshukuru, kwa maana sikujua kuna cha kushukuru. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Aprili 1959, saa tatu asubuhi.

Wambeti aliniambia habari hii ya majina juzi, tulipotafuta pa kuchimba kaburi, nilipomuuliza kwa nini tumlaze Munyi penye mawe. Nilipotaka kuongeza neno akasema, "Usiniletee maneno ya kurudisha, shemeji, mwenyewe hakuyataka." Wachimbaji wamepiga mtaimbo tangu jana, mmewasikia. Naona watu wananiangalia kama nitalia, lakini moyo umekufa ganzi, nasoma tu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Embu, majirani waliokesha na Wambeti na kuleta kuni na uji, chifu kwa kuturuhusu kukusanyika, na wenzake wa Meru, waliotengeneza jeneza na kulibeba wenyewe kutoka barabarani.

Limebaki jambo moja, ambalo sikuliandika. Wazee wa kamati, mlibadilisha majina mara ya kwanza, nawaomba mbele ya watu hawa myabadilishe tena, Wambeti na watoto waende juu, mimi nibaki hapa. Shemeji, nisamehe, nilijua nikikuambia nyumbani utakataa. Kizuizini nimepasua mawe karibu miaka mitano, haya hayanitishi. Na kwa kuwa Munyi hakupima mpaka mwenyewe asimame, kigingi ni hiki hapa, na miguu yangu ndiyo hii.

Pumzika kwa amani, kaka. Mwenye shamba amesimama.