Dada Ishwari, Aliyekikataa Cheti Changu cha Tabia Njema

Ijumaa tarehe 28 mwezi wa Asar 2081, kwa kalenda yetu ya Nepal, Dada Ishwari Tamrakar ataweka kalamu chini baada ya miaka ishirini na minane ya kazi katika kliniki yetu ya afya ya akili hapa Dharan. Alianza mwaka 2053, kliniki ikiwa chumba kimoja na benchi moja. Anaondoka tukiwa na vyumba sita, madaktari watatu, na dereva mmoja aliyewahi kuendesha mabasi Doha na kuinua makontena Malaysia. Dereva huyo ni mimi niandikaye haya. Nimeombwa mimi kwa sababu nina maneno mengi, na kwa sababu wenye digrii walikuwa na kazi.

Wapo wanaodhani kazi ya Dada ilikuwa kupokea wagonjwa tu. Kweli aliwapokea, lakini kazi yake hasa ilikuwa kuandika historia ya mtu kabla hajamwona daktari. Na anapochunguzwa mtu kama ana ADHD, yaani umakini unaoponyoka na mwili usiokubali kutulia, hakuna damu ya kupima wala picha ya kichwa itakayosema. Lazima mtu aulize vizuri.

Dada Ishwari aliuliza vizuri. Hakumuuliza mama, "Mwanao ametulia?" maana mama aliyemvika mtoto shati jipya na kumwahidi peremende ili akae kimya atajibu kwamba ametulia sana. Aliuliza hivi: "Mara ya mwisho ulipomtuma dukani, alirudi na nini?" Mama mmoja alifikiri kidogo, akasema, "Nilimtuma chumvi. Alirudi na mwanambuzi." Dada akaandika "mwanambuzi", kisha akauliza ni wa nani.

Kalamu yake imefungwa mezani kwa uzi, na nyuzi kumi na moja zimekatwa na wateja wetu wadogo. Hajamgombeza hata mmoja. Waliogombezwa ni sisi wakubwa.

Sasa yangu. Mwaka 2079 nilimleta binti yangu Phungma, wa miaka minane, ambaye mwalimu wake alikuwa amechoka naye. Dada akauliza, nami nikajibu. Anapoteza vitu? "Hilo la kawaida, hata mimi." Anaanza jambo asimalize? "Hata mimi, Dada." Anawakatiza watu wakizungumza? Hilo nililijibu kabla hajalimaliza. Akaiweka kalamu.

"Mandhoj, mdogo wangu, hapa tunamwandika nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu alijua nina nini mfukoni. Wiki ile nilikuwa nimepewa barua ya onyo la mwisho. Nilikwenda uwanja wa ndege wa Biratnagar kumpokea Daktari Regmi, nikapakia mizigo yake yote kwa ustadi, nikarudi Dharan na mizigo bila daktari. Hilo lilikuwa kosa la tatu mwaka ule. Moja zaidi, na kazi basi. Tangu utoto nimeitwa mzembe, na nilikuwa nimeshalikubali jina. Hadithi za Doha nilizipiga ili watu wasilikumbuke.

Daktari Regmi, huyohuyo niliyemwacha, alikubali kunichunguza. Daktari yule ni mama asiye na kinyongo. Ila alisema kwa mtu mzima ni lazima ijulikane kama mambo haya yalianza utotoni, la sivyo huenda ni kukosa usingizi, au mawazo, au chupa. Wazazi wangu wamefariki. Aliyebaki wa kunishuhudia ni Mwalimu Dandapani Upreti, aliyenifundisha huko Terhathum, sasa ana miaka themanini na mmoja. Tukamtumia fomu.

Ikarudi tupu, na karatasi nyingine yenye muhuri. Mwalimu alikuwa ameniandikia cheti cha tabia, kama wanavyoandikiwa vijana wote wanaokwenda kuomba kazi: "Mandhoj Limbu alikuwa mwanafunzi mtulivu, mtiifu, mwenye bidii na tabia njema." Nilifurahi, nikataka kukitia kwenye fremu. Dada alikisoma mara mbili.

"Mzee huyu anakupenda," akasema. "Atakufukuzisha kazi."

Jumamosi, siku yake ya kupumzika, akapanda gari twende Terhathum. Nilipitiliza njia panda nikimsimulia habari za Malaysia. Akaliandika na hilo. Tulipofika aliniamuru nibaki garini. "Ukiwa pale atakusifu tu." Akaketi na mzee barazani, akanywa chai, hakutoa fomu yoyote. Dirisha la gari lilikuwa wazi, na masikio yangu hayajawahi kuwa na ADHD.

"Mwalimu, ulipomtuma chaki, alirudi na nini?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Chaki haikurudi, akasema. Mimi nilikutwa juu ya paa la shule, nagongelea bati ambalo hakuna aliyeniomba niliguse. Vitabu vyangu vilikuwa kwa watu, vya watu vilikuwa kwangu. Dada akajaza kurasa nne. Kisha kicheko kikaisha, na mzee akaja na fimbo yake mpaka dirishani pangu.

"Nilikuchapa kwa majani ya kuwasha," akasema. "Nilidhani ni ukaidi."

"Hata mimi, Mwalimu."

Aliegemea fimbo yake. "Kile cheti usikitupe," akasema. "Nacho ni cha kweli."

Daktari Regmi alithibitisha mwezi uleule kwamba tuna ADHD, mimi na Phungma pia. Nilipewa vidonge vya asubuhi, na kila nikienda napimwa presha na mapigo ya moyo. Dada akanibandikia kadi kwenye dashibodi: funguo, mafuta, mtu. Phungma alianza kwa kukalishwa benchi la mbele na sisi wazazi kufundishwa namna ya kumwongoza, vidonge vilifuata. Bado anapoteza penseli. Halii tena asubuhi ya shule. Nami barua ya onyo iliondolewa kwenye faili langu, na miaka miwili sasa sijamwacha daktari popote.

Mimi ni mmoja tu. Makabati mawili yamejaa watu walioandikwa kwa mkono wake, watoto na wakubwa, walioingia wakiitwa wazembe na watundu, wakatoka na jina sahihi na tarehe ya kurudi.

Dada Ishwari, wafanyakazi wote tunakushukuru, na tunakuombea pumziko refu, afya, na bustani isiyo na wa kukukatia uzi wa kalamu. Ijumaa mimi ndiye nitakayekupeleka nyumbani na zawadi zako. Kadi mpya ya dashibodi nimeshaiandika. Kabla sijawasha gari nitageuka nyuma mara mbili, nihakikishe umo.