Fundi Uzi Anaondoka, Sanduku la Kura Linabaki

Tarehe 30 mwezi huu, saa kumi kamili jioni, Fundi Uzi atavua aproni yake baada ya miaka thelathini na mitatu katika idara ya kushona vitabu. Kiwandani hapa hakuna mashine iliyodumu muda huo, na zilizojaribu zimeshauzwa kama chuma chakavu.

Alianza kwa kufagia mabaki ya karatasi. Mwaka wa pili akakabidhiwa sindano, na kufikia mwaka wa saba alikuwa akiwafundisha waliomfundisha. Kamusi nene zilizorudishwa na wateja zikiwa zimepasuka mgongo zilipelekwa mezani kwake, na hazikurudishwa tena. Ni mtu wa masihara mengi, lakini ukishona kurasa kombokombo utazifumua zote mbele yake, hata kama kengele ya kutoka imeshalia.

Hayo kila mtu anayajua. Mimi ninayeandika, fundi wa mashine ya kukata karatasi mnayemwita Kisu, nimetakiwa nieleze habari ya kura, na itabidi nijiseme mwenyewe.

Miaka kumi na sita iliyopita tulichagua mwakilishi wa wafanyakazi kwa njia tuliyoizoea: kila mtu anaandika jina moja, mwenye kura nyingi amepita. Suala kubwa lilikuwa chumba cha gundi. Hakikuwa na dirisha hata moja, na Mama Gundi, aliyekuwa akipika gundi humo, alikohoa asubuhi hadi jioni. Fundi Uzi aligombea ili chumba kipate madirisha. Mama Gundi naye akagombea kwa sababu hiyohiyo. Mimi niliahidi jezi za timu ya mpira. Kati ya kura hamsini na moja, Fundi Uzi alipata 17, Mama Gundi 15, mimi 19. Watu thelathini na wawili walitaka madirisha, wakapata jezi. Zilikuwa jezi nzuri, nakiri.

Fundi Uzi hakununa. Alitueleza wakati wa chai kwamba karatasi yenye jina moja inasema unayempenda tu, haisemi usiyemtaka kabisa. Wawili wanaotaka jambo moja wanagawana kura, na wa tatu anapenya katikati. Akapendekeza kila mtu awapange wagombea wote watatu: wa kwanza alama mbili, wa pili moja, wa mwisho sifuri. Tulikubali kwa kishindo. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa nimeshaona mwanya.

Uchaguzi uliofuata, Mama Gundi alimwachia mwenzake, na jina la mlinzi wa geti, tunayemwita Kimya, likaongezwa ili majina yatimie matatu. Nikawazungukia watu wangu ishirini na mmoja, nami wa ishirini na mbili, nikawanong'oneza waniweke mimi wa kwanza, Kimya wa pili, na Fundi Uzi mwisho kabisa, ingawa kila mmoja wetu alijua kuwa Fundi huyo anamzidi Kimya kwa mbali. Watu ishirini na watano wa Fundi Uzi, kwa kunikwepa mimi, nao wakamweka Kimya wa pili. Walinzi wanne wakampa mwenzao nafasi ya kwanza na Fundi Uzi ya pili. Jumla: Kimya alama 55, Fundi Uzi 54, mimi 44. Mtu aliyekuwa chaguo la kwanza la watu wanne akawa mwakilishi wetu, na mimi mwenye ujanja nikashika mkia.

Fundi Uzi ndiye aliyekuwa akihesabu, sisi wagombea tukiwa tumemzunguka. Alisoma matokeo kwa sauti ileile anayosomea orodha ya nyuzi na sindano, akampa Kimya mkono. Kimya ni mtu mwema sana. Kila mwezi alikwenda kwa mkurugenzi, akasalimia, akarudi. Madirisha yakasubiri miaka miwili zaidi. Kikohozi cha Mama Gundi nilikuwa nakisikia kila siku nikiwa kwenye mashine yangu, na kiliniuma. Sikumwambia mtu.

Mara ya tatu Fundi Uzi alileta hesabu nyingine. Karatasi ni zilezile za kupanga majina, ila sasa tunawapambanisha wawili wawili: kati ya huyu na yule, wengi wamemweka nani juu? Anayemshinda kila mwenzake ndiye mshindi. Safari hii alishinda yeye, na kabla miezi mitatu haijaisha chumba cha gundi kilikuwa na madirisha mawili na feni. Lakini hakutuficha kasoro ya njia yake. Tulipopigia kura rangi ya sare, bluu iliishinda kijani, kijani ikaishinda kijivu, kijivu nayo ikaishinda bluu. Tulizunguka hapo hadi chai ikapoa. Yeye alicheka tu, akasema hesabu haijakosewa, ni sisi tunaotaka hivyo, na kwamba hakuna njia isiyo na tundu. Cha muhimu ni kukubaliana kabla ya kuhesabu tukikwama tutafanya nini. Shemeji yetu, mume wake, fundi saa, alikuja kumchukua akatukuta bado tunabishana. Alituambia kwamba nyumbani kwao rangi huamuliwa na mtu mmoja, na si yeye.

Kanuni zinampa mwakilishi kura ya uamuzi watu wakitoka sare. Kwa miaka kumi na miwili hakuitumia hata mara moja. Sare zote alizimaliza kwa kutuvutisha nyuzi, ndefu na fupi. Mwezi uliopita tulipiga kura ya nani aandike wasifu huu. Karani wa ofisi, anayeandika vizuri kunishinda, alipata 24, na mimi 24. Tukasubiri nyuzi. Fundi Uzi akaziacha mfukoni, akasimama, akasema mbele ya wote kuwa kura yake anampa Kisu, kwa sababu habari ya karatasi ishirini na mbili zinazofanana haijawahi kuandikwa, na anayeijua vizuri ni yeye.

Alikuwa anajua. Miaka kumi na minne alikuwa anajua, na kila asubuhi alinisalimia na kuniulizia watoto wangu.

Dada, nisamehe. Mama Gundi, aliyestaafu mwaka juzi kifua kikiwa kimetulia, ameahidi kuja kwenye sherehe yako. Asante kwa vitabu vyote vilivyokaa imara, na kwa uvumilivu wako kwetu. Nenda ukapumzike vizuri na shemeji na wajukuu, afya iwe tele na kicheko kisikuishe. Karatasi yangu ya kura nimeijaza mapema. Nafasi ya kwanza nimekuandika wewe. Ya pili na ya tatu nimeziacha wazi.