Bwana Brackett, Aliyeulizia Supu Mahakamani

Mchungaji wetu, majirani wa Marblehead, nanyi mliotoka Salem na Boston kwenye tope hili, mimi ni Amos Pedrick, mkwe wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Mzee wetu Eliphalet Brackett alizaliwa hapa Marblehead tarehe 9 Machi 1768, mtoto wa tatu wa mzee Nathan, fundi wa mapipa, na mama Tabitha, akasoma shule ya hapa mjini, ila Kifaransa alikipata nyumbani mwaka 1780, kwa mwanamaji Mfaransa aliyekuwa akiuguza mguu kwenye chumba chao, ambaye siku moja alimlalamikia mama, "Mama, niondolee huyu mtoto, amemaliza kuuliza majina ya vyombo vyote, sasa anauliza majina ya vidonda vyangu!" Alihitimu chuo kule Cambridge, karibu na Boston, mwaka 1788, akawa wakili, na tarehe 6 Juni 1797 serikali ikampeleka Hague, Uholanzi, kuwa katibu wa balozi wetu, alikokaa miaka minne.

Tarehe 14 Oktoba 1801 alifunga ndoa na bibi yetu Mehitabel, binti Doak, wakajaliwa watoto wawili, Lois ambaye ni mke wangu, mwaka 1803, na Asa, mwaka 1805.

Aprili 1810 alitumwa Kristiansand, huko Norwe, ambako merikebu ya mji wetu iitwayo Patience ilikuwa imekamatwa pamoja na mabaharia wake kumi na mmoja, kwa kuwa Wanorwe walikuwa vitani na Waingereza, na Waingereza wengi walikuwa wakipita na bendera yetu na hati za kughushi. Hakimu, Bwana Falck, alimwambia, "Hati nzuri kama hizi nimeziona mia, bwana." Marehemu akaomba awaulize mabaharia swali moja tu, mama zao hupikaje supu ya samaki, na wa kwanza alipotaja maziwa, wa pili akaruka, "Maziwa? Mama yako alikuwa anampikia paka!" naye akajibiwa, "Afadhali paka, yako hata paka angeitema!" ikabidi askari wawatenganishe, na hakimu akacheka mpaka akavua miwani, akaona kwamba watu wanaogombana hivi kweli ni wa mji mmoja.

Lakini wa kumi na mmoja, Ned Tully, alinyamaza, na hakimu akauliza, "Na huyu?"

Marehemu alijua kwamba neno lake moja lingeweza kuwapoteza wote pamoja na merikebu, hata hivyo akasema, "Huyu ni Mwingereza, mheshimiwa, alitoroka manowari yao kwa sababu ya viboko, wenzake wakamficha kwa huruma."

Bwana Falck akasema, "Miaka mitatu nimekalia kiti hiki, na wewe ndiye wa kwanza kuniambia jambo la kukudhuru mwenyewe," akawaachia kumi na merikebu yao, Ned akapelekwa gerezani.

Marehemu hakupanda merikebu ile, alisema aliyemtia mtu gerezani kwa mdomo wake lazima amtoe kwa mdomo huo huo, akabaki akibisha milango ya wakubwa miezi saba, mpaka Ned akaachiwa tarehe 20 Januari 1811, na wiki hiyo hiyo ikafika barua kwamba Asa amefariki kwa homa ya koo tarehe 3 Novemba, akiwa na miaka mitano.

Aliporudi, bibi alimwambia mbele ya watu, "Ulibaki kwa ajili ya Mwingereza, mwanao akakungoja."

Alihudumu tena Lisbon, Ureno, toka 1816 hadi 1821, na mwaka 1823 mabwana watatu walipokuja kumshawishi agombee urais, bibi alimtangulia kujibu, "Mnataka nchi itawaliwe, au iulizwe maswali?" na marehemu akacheka kuliko wote.

Mwezi Agosti mwaka huu wa 1840 miguu ilianza kuvimba, kisha pumzi ikawa fupi, na daktari alitoka kila mara amechoka kwa kuulizwa moyo unasukumaje damu. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba alituomba mke wangu na mimi tutoke, tukiwa mlangoni tukamsikia akisema, "Mehitabel, Asa alisema nini mwishoni?" swali ambalo kwa miaka thelathini hakuwahi kuthubutu kuliuliza. Bibi aliufunga mlango, akamweleza kwa muda mrefu, sisi hatujui alichomwambia, tulichosikia ni vilio viwili pamoja, na saa sita mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bibi, alifariki.

Familia inamshukuru Daktari Hooke, majirani mliochota maji na kupika, wenzake wa utumishi, na mabaharia wawili wa Patience waliobeba jeneza leo.

Baba, umeuliza, umejibiwa, sasa lala kwa utulivu.