Mgeni Niliyemruka na Kikapu cha Kahawa

Mmeniitikia kwa nguvu, kina mama, asanteni. Sasa kaeni vizuri, na mwenyekiti wa jumuiya asinitazame kwa jicho la saa, maana jambo lenyewe lina mzunguko. Nimeombwa niseme nilivyopona. Najua wengine mnangoja habari za mguu wangu uliokuwa ukiniuma. Mguu ulipona wenyewe. Mimi niliugua wivu.

Mnajua binti yangu wa mwisho ni mtawa. Siku ya nadhiri zake nilicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, na nyinyi mkanicheka. Lakini ndugu zangu, nawaambia, kumtoa mtoto kwa Mungu si kazi ngumu sana, kwa sababu Mungu humwoni. Kazi ilianza alipopelekwa kwenye nyumba yao ya Muleba. Mkuu wa nyumba ile ni mtawa kutoka Brazili, na kwa desturi yao mkuu wanamwita Mama. Basi mimi nikipiga simu nasikia, "Mama amenifundisha hiki," "Mama amesema nipumzike," "Ngoja kidogo, Mae, Mama ananiita." Mae, yaani mama kwa Kihaya chetu, ndiye mimi niliyemzaa! Mae anangojeshwa kwenye simu, Mama anaitikiwa.

Nilimchukia yule mwanamke. Sisemi niliudhika, nasema nilimchukia. Binti alipokuja likizo akapika maharage kwa namna ngeni, akaniambia Mama hupika hivyo. Nikasema nimeshiba, nikalala na njaa ndani ya nyumba yangu. Jirani yangu akanitania, "Mwenzetu umepata mke mwenza na mumeo yuko kaburini." Nikacheka naye. Alipoondoka nililia.

Mwaka jana watawa wa shirika lao walikutana hapa Bukoba mjini, kwenye nyumba yao ya Bakoba. Walitoka India, Kongo, Poland, Brazili, kila mmoja na Kiswahili chake, na wengine bila chochote. Siku ya mwisho wakatualika wazazi. Mkubwa wao akasimama kutangaza nani anahamia wapi. Jina la binti yangu likasomwa: Brazili. Watu wakapiga makofi. Mikono yangu ilikataa. Nikasema moyoni, huyu Mbrazili hakutosheka kuwa naye Muleba, sasa anampeleka kwao kabisa.

Na mimi ndiye niliyepewa kikapu cha kahawa ya kutafuna, nikaribishe wageni kwa desturi yetu. Hapa Kaagya sina haja ya kueleza. Hata uliyegombana naye, akiingia kwako unampa punje zake. Ukimruka mtu na kikapu, umemwambia mbele za watu kwamba humtambui.

Nikapita mstari wote, huyu nampa, yule nampa. Nikafika kwa yule Mama wa Muleba. Amekaa na binti yangu, mkono uko begani kwa mtoto wangu. Nikamruka. Nilijisemea, Mbrazili atajuaje? Lakini alikuwa ameshanyoosha kiganja. Kikabaki hewani, halafu akakirudisha mapajani polepole. Binti yangu akainamisha kichwa.

Akanifuata nyuma, kwenye masufuria. "Mae, umemruka."

"Nilisahau."

"Hukusahau." Macho yalikuwa yamejaa machozi. "Mae, nitakwenda, niliahidi utii. Lakini kwetu mtu hasafiri mbali bila mkono wa mzazi kichwani. Usiponibariki, nitaondoka kama mtoto aliyefukuzwa."

Ndugu zangu, mwanangu ananiomba baraka, na mimi nikamjibu, "Mwambie Mama yako akubariki." Akaondoka. Nilipotazama mgongo wake nikajua nimempoteza, na safari hii hakuna aliyeninyang'anya.

Nikiwa bado nimesimama pale, yule mtawa akaja mwenyewe. Akapiga magoti chini kama mwanamke wa kwetu, akanisalimu Kihaya. Nikakosa pa kuweka macho.

"Mama," akasema, "nimetafuna kahawa ya watu wa Muleba miaka mingi. Najua maana ya kurukwa."

Nikaona nisizunguke. "Umenichukulia mtoto."

"Ndiyo," akasema. Hakubisha hata kidogo. "Na nyinyi mlinichukua kwa mama yangu. Nilikuja huku nikiwa msichana kama huyu wako. Mama yangu sasa ni bibi kizee, ana shamba la kahawa, kama wewe. Nikimpigia simu ananiuliza, hao watu wa Muleba hawana watoto wao wenyewe?"

Akaendelea, "Kituo cha binti yako kiko jirani na kwake. Mimi ndiye niliyeomba apelekwe huko. Nilitaka mama yangu amwone mtoto wa kwenu kabla hajafa."

Kumbe kuna mwanamke ng'ambo huko anayetuonea wivu sisi! Mtawa yule ameosha wagonjwa wetu, amelia kwenye misiba yetu, na mimi sikuwahi kujiuliza alitoka kwenye tumbo la nani. Nikachukua kikapu, nikampa kwa mikono miwili. Akatafuna, akatema maganda kwa ustadi kuliko mimi. Kisha nikamwita binti yangu. Nikamwekea mikono kichwani, nikamwambia, "Nenda. Ukimfikia yule bibi, mpigie magoti. Mwambie sisi ndio tuliomchukua mwanawe, na tunamshukuru."

Nawashukuru nyinyi mlionisindikiza siku alipoondoka. Namshukuru jirani yangu, ambaye baada ya utani wake alikuwa analala kwangu nisibaki peke yangu. Na yule mtawa wa Muleba, kasinge waitu, asante sana. Somo langu ni dogo: ukimwonea wivu mtu, ulizia kwanza kwao ni nani anayemlilia.

Ila msidhani nimekuwa malaika. Juzi binti alinipigia simu ya picha akiwa kwa yule bibi. Wanakula. Mimi na bibi hatusikilizani lugha, tunachekeana tu. Mara bibi akageuka, akampangusa mtoto wangu makombo mdomoni. Wivu ukanichoma palepale, siwadanganyi.

Nikamwacha apanguse.