Sauti ya Agnella Kwenye Mpunga wa Mkula

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo bondeni, sogeeni karibu na redio. Kama una chungu jikoni, punguza moto kwanza. Leo tunamkumbuka Agnella Ponsiano, mwalimu wa maisha, aliyetutoka msimu huu, mpunga ukianza kuiva. Tutamkumbuka kupitia mdogo wake, Yosefina. Na tutaikumbuka sauti yake. Agnella tulimzika kijijini kwao, Mkula. Sauti yake hatukuizika.

Kazi aliianzia hapa Ifakara mjini. Alikodi ukumbi, akatundika bango: "Njooni Nyote Mbadilishe Maisha." Somo lake lilikuwa moja tu, mtu aliyeanguka moyoni ajifunze kusimama tena. Wakaja waliodhani anatoa mikopo. Wakaja waliotaka kuombewa. Mzee mmoja alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Sasa mwanangu, mbegu zenyewe mnagawa lini?" Wiki iliyofuata ukumbi ulikuwa viti vitupu.

Yosefina alimcheka. "Dada, unaita kijiji kizima. Mimi nikisikia 'nyote' najua siyo mimi."

Hayo aliyasema kabla ya msiba wake. Clinton, mtoto wake wa pekee, alichukuliwa na homa. Baada ya matanga Yosefina alikwenda shambani akapanda kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti tunachokaa kulinda mpunga. Mavuno yakaisha. Wenzake wakarudi kijijini. Yeye akabaki. Akiletewa chakula anapokea, anashukuru, basi.

Msimu mpya ulipofika, na ndege aina ya kwelea wakaanza kushuka kwa makundi, Agnella alimfuata. Hakumhubiria. Alimletea spika ya betri, kama zile wanazotangazia wauza dawa za panya.

"Ya kufukuzia ndege," alisema. "Upumzishe koo."

Ndani alikuwa amerekodi sauti yake mwenyewe: "Wewe uliyebaki peke yako shambani. Nakuita wewe. Itika. Jumapili baada ya misa, tukutane kwenye mashine ya kukoboa mpunga."

Sauti ikawa inajirudia juu ya mpunga kutwa nzima. Ndege waliruka. Na kwenye madungu mengine wanawake waliisikia. Mjane wa ng'ambo ya mfereji alidhani anaitwa yeye. Mwingine, aliyekimbiwa na mume, naye akadhani ni yeye. Jumapili wakaja, mmoja mmoja, miguu ina matope. Agnella akawa amewapata watu wake. Alipoita kila mtu, hawakuja. Alipomwita mtu mmoja, wakaja wengi.

Lakini huyo mmoja hakuja. Kila Jumapili Agnella aligeuza ndoo iwe kiti cha mdogo wake, akaiweka pembeni yake, na hakuna aliyeikalia.

"Sauti yako inafukuza ndege vizuri, dada," Yosefina alimwambia. "Hata mimi inanifukuza."

Wakacheka. Hawakucheka pamoja tena. Agnella aliugua ghafla, na kabla wiki haijaisha tukawa makaburini.

Yosefina alirudi kwenye dungu akakuta kwelea wametanda. Akawasha spika bila kufikiri. "Wewe uliyebaki peke yako shambani..."

Silvano, jirani wa shamba la pili, jembe lilimponyoka. Alikuja hadi kwenye tuta la mpaka, akasimama hapo. Hakulivuka.

"Mama Clinton, zima hicho kitu. Marehemu hatumwi kwenye ndege."

"Nikizima, mpunga utaliwa."

"Ukiliwa tutakupa wa kwetu. Zima."

Akazima. Ila adhuhuri, upepo ukipita kwenye masuke, aliendelea kulisikia neno moja. Itika. Akaziba masikio. Itika.

Mama yao, Bi Valeria, alipopata habari alikwenda mwenyewe shambani. Mnajua wasikilizaji, huku kwetu ukiitwa na usiyemwona, huitiki. Ukiitika, umemfuata. Alimshika binti yake mkono.

"Nimezika mjukuu. Nimezika mtoto. Nimebaki na wewe. Usiitike, mwanangu."

Yosefina ametuambia hivi: "Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba ananiita mimi. Nilijifanya ni kelele za kufukuzia ndege."

Jumapili ile wanawake walikutana kwenye mashine bila mwalimu. Mashine imezimwa, pumba zinapeperuka, hakuna wa kuanza kusema. Bi Valeria alikuwepo. Ndipo wakamwona Yosefina anakuja kando ya mfereji, ameipakata spika kama mtu aliyepakata mtoto. Aliiweka pale alipokuwa akikaa dada yake. Mwenyewe akakaa kwenye ile ndoo. Akawasha.

"...Nakuita wewe. Itika."

Bi Valeria akafumba macho.

"Abee, dada," Yosefina akaitika.

Aliitika, wasikilizaji wapendwa, na bado tunaye. Amerudi kulala kijijini. Jumapili huwasha spika, huitika, kisha wenzake nao wanaitika, ndipo wanaanza kuzungumza. Bi Valeria bado hufumba macho kila neno lile likifika.

Kwako Bi Valeria, kwako Yosefina, na kwenu nyote mliokaa chini pale kwenye mashine: poleni sana. Msiba huu ni wetu pia. Mungu ampumzishe Agnella mahali pema.

Nawe unayesikiliza, kabla hujaurudisha moto jikoni, tulia kidogo. Yupo anayekuita, nawe unajifanya ni kelele tu. Ni nani? Mwitikie angali anaweza kukusikia.