Kondoo Hawasubiri Bunge

Jana wabunge kule London walikataa tena kila kitu: kutoka Umoja wa Ulaya kwa mkataba, kutoka bila mkataba, hata kubaki. Asubuhi hii, katika basi la kutoka mji wetu mdogo wa Builth, mzee Emrys, mfugaji wa kwetu, alikuwa amepakata mfuko wa maziwa ya unga ya wanakondoo yatima, amefura kwa hasira.

"Kondoo wangu wanazaa wiki hii! Niwaambie wabane mpaka wabunge waelewane? Wanunuzi wangu wako Ufaransa, na hakuna wa kuniambia kama nitauza!"

"Si nyinyi mliopiga kura ya kutoka, mzee?" alidakia mama mmoja wa kiti cha mbele, mgeni kwetu.

"Nilipiga, mama! Nilisema tutoke. Sikusema tusimame mlangoni mwaka wa tatu, mguu ndani, mguu nje!"

Basi zima likakohoa. Ndivyo tunavyocheka sisi.

"Haya, kura ikirudiwa kesho, utasemaje?" mama akauliza.

Emrys alifungua mdomo. Basi likasimama langoni pa shamba lake. Alimshukuru dereva, kama tufanyavyo sote, akashuka. Mama hakupewa hata kwaheri.