Historia ya Justina Magoti, Aliyeutaja Ugonjwa Wake kwa Jina

Wapendwa waombolezaji, ndugu wa hapa Manyamanyama na wageni wetu mliotoka Musoma, Butiama na Kiriba, familia inawaomba mtulie kidogo tuwasimulie maisha ya mama yetu, dada yetu na mke wa Mzee Florian Wambura, ambaye leo, Jumamosi tarehe 13 Novemba 1993, tunamlaza katika udongo wa nyumbani kwake.

Marehemu Justina alizaliwa tarehe 12 Mei 1941 kijijini Butiama, mtoto wa pili kati ya watatu wa Mzee Enoka Magoti na Mama Marieta, akitanguliwa na dada yake Penina na kufuatwa na Alfonce, ambaye Justina alimbeba sana mgongoni, mpaka mtoto yule akawa akiumia anamlilia dada badala ya mama.

Alianza shule hapo Butiama mwaka 1950, akaendelea na shule ya kati ya wasichana, akamaliza darasa la nane mwaka 1957, na waliosoma naye wanakumbuka kwamba alikuwa hodari wa hesabu na Kiingereza, ila jembe hakulipenda hata kidogo.

Mwaka 1962 aliajiriwa kuwa opereta katika ofisi ya simu Musoma, akaifanya kazi hiyo miaka ishirini na minane, akiwaunganisha mabwana shamba, mapadri, wenye maduka na wenye misiba, akizijua sauti za watu wa mkoa mzima, wala hakuna aliyewahi kusikia habari ya mtu kutoka kinywani mwake, hata mumewe alipombembeleza alijibiwa, "Florian, mimi naunganishaga tu, sisikilizagi."

Huyo Florian, dereva wa malori ya pamba hapa Bunda, alimfahamu kwa sauti kabla ya sura, maana alikuwa akipiga simu Musoma kuulizia vipuri hata siku ambazo lori lilikuwa zima, wakafunga ndoa tarehe 18 Julai 1964, na Mungu akawajalia Boniphace mwaka 1966 na Marieta mwaka 1970.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na hapa tunafuata agizo lake mwenyewe. Mzee Enoka alifariki mwaka 1969, ikasemwa ni tumbo, Penina naye akafariki mwaka 1979 kwa mumewe Kiriba, ikasemwa tena ni tumbo, kisha yakaingia maneno ya kurogwa, na pande mbili za ukoo, sisi wa Butiama na wakwe wa Kiriba, zikaacha kutembeleana kwa miaka sita. Desemba 1983 Justina alianza kuona damu chooni, akadhani ni bawasiri, akanywa dawa za minyoo, akakonda, mpaka Agosti 1984 alipopelekwa Mwanza, ambako tarehe 11 Septemba alipasuliwa, akaambiwa ni saratani ya utumbo mpana, na kwamba tangu siku ile haja kubwa itapitia tundu lililofunguliwa tumboni.

Ilikuwa miaka ya uhaba, ndugu zangu, mnaikumbuka, mifuko ya kuvalia tundu lile haikupatikana, na Justina alijishonea vitambaa vya magunia ya unga, akavifua kila siku wakati sabuni yenyewe ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi, na jirani yake wa Musoma, Bi Mwanaharusi, kila Ijumaa alimletea kipande cha sabuni ndani ya kanga, akakaa naye, akavifua pamoja naye bila kuziba pua, mpaka maduka yalipofunguka na bidhaa zikarudi.

Daktari alikuwa amemuuliza nani mwingine katika familia aliugua tumbo, na aliposikia habari za baba na Penina alisema waliobaki wapimwe, hata kama hawasikii maumivu. Aliyebaki ni Alfonce, fundi baiskeli kule Butiama. Alfonce aliahidi mara mbili asitokee, na mara ya tatu dada alimfuata mwenyewe.

"Dada, mimi siumwi," alisema. "Na mwanaume hapimwagi huko."

"Baba naye alikuwaga haumwi," alijibu Justina. "Penina alikuwaga haumwi. Ingia ndani."

Akafunga mlango, akafungua nguo, akamwonyesha tundu lile ambalo hata mawifi zake hawakuwahi kuliona, akabadilisha kitambaa mbele yake polepole, kile kichafu akakitia kwenye beseni. Alfonce alichukua beseni mikononi mwa dada yake, akatoka nalo uani, akalisafisha mwenyewe, na aliporudi aliuliza basi la Mwanza linaondoka saa ngapi.

Tarehe 20 Januari 1986 alichunguzwa kwa mrija wenye taa, dada yake akimsubiri kwenye benchi nje ya mlango, vikaonekana vinyama viwili ambavyo vilikuwa havijageuka kuwa saratani, vikaondolewa. Mwezi uliofuata Justina alikwenda Kiriba, akawaeleza shemeji zake kilichomuua Penina, na ukoo ukaanza tena kula pamoja.

Mwezi Machi mwaka huu ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye ini, Mzee Florian akamhudumia kwa mikono yake, akimpikia uji na kumchekesha kwa habari za vipuri, hadi Jumatano tarehe 10 Novemba, saa nne asubuhi, alipokata roho akiwa ameshikwa mkono na Alfonce. Siku chache kabla alituagiza, "Mkinisoma msiseme tumbo. Semeni saratani ya utumbo mpana, wenye damu yangu wasikie."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Musoma na Mwanza, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya simu, majirani wa Manyamanyama, na Bi Mwanaharusi, ambaye kwetu ni ndugu. Tunawatangazia pia kwamba Jumatatu tarehe 6 Desemba Boniphace na Marieta wanakwenda Mwanza kuchunguzwa, wakiongozwa na mjomba wao Alfonce, na yeyote wa damu ya Mzee Enoka anayetaka kwenda amwone hapa kabla ya kuondoka.

Justina, umetuuguza nawe ukiugua. Sasa pumzika, mama, kwa amani ya Mungu.